Seva ya majina ikiganda, ihojiwe kabla ya kuzimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakuu wa ofisi, maafisa TEHAMA na wananchi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini kuhusu adha ambayo karibu kila mmoja wetu amewahi kukutana nayo bila kuijua kwa jina lake. Mtu anafika dirishani asubuhi, anaambiwa mtandao unasumbua, anakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kisha anarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta hapa Mbeya, na katika safari nyingi nilizoitwa kwa sababu ya kilio hicho nilikuta mtandao wenyewe ni mzima kabisa. Kilichoganda ni seva ya majina. Ninachotaka kusema ni kwamba dawa tunayoikimbilia sote, yaani kuizima seva hiyo na kuiwasha upya, hufuta ushahidi wa ugonjwa, na ndiyo maana ugonjwa huo huo hurudi wiki hiyo hiyo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuisikia, seva ya majina ni kompyuta inayogeuza jina kuwa anwani ya namba, kwa kuwa kompyuta huitana kwa namba na binadamu hukumbuka majina. Mgeni akishuka Mwanjelwa akitafuta nyumba ya fulani humwendea mjumbe, na mjumbe asipomjua mtu huyo hulipeleka swali mbele mpaka jibu lipatikane. Seva ya ofisi yako hufanya vivyo hivyo: ukiandika jina linaloishia na .tz, huanzia juu kabisa kwenye seva za mzizi, ambazo zina majina 13 tu, nazo huielekeza kwa seva za .tz, na hizo huielekeza kwa mwenye kikoa chenyewe, yaani jina kuu la taasisi inayotafutwa. Utaratibu huu ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na maelezo yake yaliyoandikwa upya mwaka 1987 ndiyo msingi unaofuatwa hadi leo. Jibu likipatikana, seva hulitunza kwa muda aliouweka mwenye jina, ili anayeuliza tena ajibiwe hapo hapo. Mjumbe akikaa kimya, nyumba zote zipo mahali pake na barabara zinapitika, lakini mgeni amekwama.

Wengi hudhani kwamba seva iliyokufa na seva iliyoganda ni mamoja, na hapo ndipo mateso yanapoanzia. Programu ya majina ikifa huku mashine yake ikiwa hai, mashine humjibu muulizaji papo hapo kwamba hapa hakuna mtu wa kupokea swali hilo, naye huhamia seva ya pili bila kupoteza muda. Iliyoganda hupokea swali, kisha ikanyamaza. Kompyuta ya Linux ambayo haikubadilishiwa mipangilio husubiri sekunde 5 kabla ya kuijaribu seva ya pili, na ukurasa mmoja wa mfumo wa ofisi unaweza kuhitaji majina kadhaa, kila moja likisubiri zamu yake. Mtumishi aliyeketi mbele ya kioo haoni mtandao uliokatika. Anaona mtandao unaotambaa, kiduara kinazunguka, ukurasa unafunguka nusu, na lawama inakwenda kwa kampuni ya intaneti. Tena zile programu za ulinzi zinazokagua huduma kila dakika, nyingi huangalia tu kama programu ya majina bado inaendeshwa, hazijaribu kuiuliza jina lolote, kwa hiyo taa hubaki ya kijani wakati foleni inarefuka.

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishughulikia mwenyewe. Taasisi ilikuwa ya akiba na mikopo ya wakulima, yenye makao hapa jijini na matawi Iringa, Mafinga na Makambako. Siitaji jina, kwa kuwa kosa lililofanyika pale lingeweza kufanyika popote. Kwa takribani miezi miwili kuanzia Oktoba, wakati wakulima wanatafuta fedha za mbolea na mbegu kabla mvua hazijakaza, seva yao ya majina iliganda mara mbili au tatu kwa wiki. Kila ilipoganda, karani aliyekuwa amefundishwa aliingia kwenye chumba kidogo nyuma ya masijala, akabonyeza kitufe, akahesabu hadi kumi, akawasha. Siku nyingine ilipona mara moja, siku nyingine ilibidi iwashwe mara tatu. Walibadilisha kebo, wakabadilisha swichi, wakailaumu kampuni ya intaneti, wakalaumu umeme, na mwishowe wakanunua mashine mpya na kuhamishia humo mipangilio ya zamani kama ilivyokuwa. Mashine mpya iliganda siku ya nne.

Asubuhi niliyoitwa, foleni ilikuwa imetoka nje hadi kwenye ngazi. Mbele kabisa alisimama bibi mmoja aliyetoka Tukuyu kwa basi la alfajiri, kilometa 70 hivi, kitabu chake cha akiba amekifunga ndani ya leso. Meneja alinipokea mlangoni akasema, "Fundi, izime uiwashe, watu wamejaa." Nikamjibu, "Mkuu, nipe dakika kumi tu. Nikiizima sasa hivi, tutaonana tena Alhamisi." Akaitazama foleni, akaitazama saa ya ukutani, akakubali. Namshukuru mpaka leo, maana dakika hizo kumi ndizo zilizomaliza miezi miwili ya kuhangaika.

Nilianza na swali jepesi kuliko yote, kama njia ni nzima. Niliita kwa ping, amri ya kupima kama mashine inafikika, mashine iliyoko nje ya nchi, kwa namba yake na si kwa jina, na majibu yote yakarudi. Kisha nikakaa kwenye seva yenyewe, nikaiuliza kwa dig, amri ya kuihoji seva ya majina, jina la mashine yao ya hesabu iliyoko chumba cha pili. Ikajibu papo hapo. Nikaiuliza jina la nje. Kimya. Sekunde 5 zikapita, dig ikauliza tena, zikapita nyingine 5, ikauliza mara ya tatu, kisha ikasema haikufikia seva yoyote. Jina la pili la nje lilirudi na SERVFAIL, yaani seva imekiri kushindwa. Nilipoyapeleka majina hayo hayo mawili moja kwa moja kwenye seva nyingine ya nje, yalijibiwa bila shida. Kufikia hapo nilikuwa sijagusa chochote, na tayari nilijua mengi: programu iko hai, inasikia, inajua majina ya nyumbani kwake, na njia ya kutoka nje ni wazi. Kilichokwama ni kazi moja tu, ile ya kwenda kuwauliza wengine na kurudi na jibu.

Programu waliyoitumia ni BIND, ambayo ilizaliwa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley katika miaka ya 1980 na sasa hutunzwa na Internet Systems Consortium. Ina chombo chake cha kuihoji kiitwacho rndc. Niliiomba itaje hali yake, na mstari mmoja ukanitosha: wateja wanaosubiri majibu kutoka nje walikuwa 1,000, na kikomo ni 1,000. BIND isipoelekezwa vingine haibebi zaidi ya maombi 1,000 ya aina hiyo kwa wakati mmoja. Ikikaribia kikomo huanza kuyatupa ya zamani ili kupokea mapya, na ikikifikia huyakataa yanayoingia. Lakini ofisi yenye kompyuta zisizofika 80, matawi yote yakiwemo, itatoa wapi maswali elfu moja kwa mkupuo?

Nikaiamuru, kwa rndc recursing, iandike maswali hayo kwenye faili, nikalifungua mbele ya meneja. Mstari baada ya mstari, kikoa kilikuwa kile kile kimoja cha nchi ya mbali, na mbele yake herufi zisizo na maana yoyote, kana kwamba mtoto amegongagonga kibodi, na hapakuwa na mistari miwili iliyolingana. Anwani za waulizaji hazikuwa za ofisi yao hata moja.

Huo ni mtindo wa mashambulizi unaojulikana. Mshambuliaji anataka kuizamisha seva ya mwenye kikoa kile cha mbali, kwa hiyo hutafuta duniani kote seva za majina zilizoachwa wazi na kuziuliza majina ya kubuni chini ya kikoa hicho. Kwa kuwa kila jina ni jipya, akiba ya majibu haisaidii kitu. Ni lazima seva ya watu wasiohusika iende kuuliza. Yule anayeulizwa amezidiwa, hajibu, na BIND humsubiri kwa muda ambao kwa kawaida ni sekunde 10 kabla ya kuliacha swali. Hesabu yake ni ya darasa la tatu: maswali 100 kwa sekunde, kila moja likikaa sekunde 10, ni maswali 1,000, na ukumbi umejaa. Seva ya wakulima wetu ilikuwa punda anayebebeshwa mzigo usiokuwa wake, na waliolipa ushuru wa mzigo huo ni watu waliosimama kwenye ngazi.

Mlango ulifunguliwaje? Tangu mwaka 2007 BIND huja ikiwa imefungwa, huwatafutia majibu ya nje watu wa mtandao wake wa karibu tu. Lakini matawi yalipounganishwa, anwani za Iringa, Mafinga na Makambako hazikuhesabiwa kuwa za karibu, zikakataliwa, na fundi wa wakati huo, badala ya kuziorodhesha, aliandika neno moja, any, yaani yeyote. Matawi yakafanya kazi siku ile ile na kila mtu akafurahi. Na fayawoli, yaani ukuta wa kinga wa mtandao, nayo ilikuwa imeachwa ikipokea maswali ya poti namba 53, mlango wa maswali ya majina, kutoka popote duniani. Niliondoa lile neno, nikaandika anwani za makao makuu na za matawi matatu, nikaifunga poti ile kwa wageni, na nikawasha kinga ya BIND inayozuia kikoa kimoja kisimeze nafasi yote, kinga ambayo huwa imezimwa mpaka mtu aiwashe. Nilipoiuliza tena seva hali yake, wanaosubiri walikuwa chini ya 20. Bibi wa Tukuyu alihudumiwa, akapita mlangoni akaniambia, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, ingawa hakuambiwa nilichofanya.

Jambo lililoniumiza zaidi niliona baadaye. Mashine ya zamani ilikuwa bado imewekwa sakafuni kwenye kona. Niliiwasha nikasoma kumbukumbu zake, na humo, tangu Oktoba, kila siku ambayo seva iliganda, BIND ilikuwa imeandika kwa maneno yaliyo wazi kwamba nafasi ya wateja wanaosubiri majibu imejaa. Iliandika mara nyingi, na hakuna aliyefungua faili. Nililinganisha saa za maandishi hayo na saa ambazo karani alikuwa akiandika kwenye daftari kwamba amewasha upya, nikagundua kwamba siku zilizohitaji kuwashwa mara tatu ni zile ambazo wimbi la maswali lilidumu, na siku za kupona mara moja ni zile ambazo wimbi lilikuwa linajiishia lenyewe. Kitufe kilikuwa kinapewa sifa ya kazi ambayo hakikuifanya. Kila kuwashwa upya kulifuta orodha ya waliokuwa wakisubiri, na orodha hiyo ndiyo iliyobeba jibu.

Sisemi kwamba kila seva inayoganda ina ugonjwa huo. Kule Iringa niliwahi kuitwa kwenye chuo kimoja ambako baada ya umeme kukatika usiku kucha, asubuhi majina ya nje yalikataliwa. Kumbe betri ndogo ya saa, ile ya duara yenye ukubwa wa sarafu, ilikuwa imekwisha, na mashine iliamka ikiamini kwamba bado ni miaka kadhaa nyuma. Majina yanayolindwa kwa saini za kidijitali huwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa saini, hivyo kwa seva hiyo kila saini ilikuwa bado haijaanza kutumika. Na haikuweza kujisahihisha, maana seva za kutoa saa sahihi zilikuwa zimeandikwa kwa majina, na majina ndiyo yaliyokuwa hayapatikani. Tuliiweka saa kwa mkono, tukanunua betri, na tukaandika anwani ya seva ya saa kwa namba. Kuizima na kuiwasha mara mia kusingesaidia kitu.

Ziko sababu nyingine ambazo fundi anapaswa kuzipitia upesi: diski iliyojaa kumbukumbu, fayawoli ambayo daftari lake la miunganisho limejaa ikaanza kuangusha pakiti, seva ya kampuni ya intaneti tunayoitegemea ambayo yenyewe imezidiwa, na katika mashine zenye Linux ya kabla ya toleo la 5.6, amri ya kutengeneza funguo za saini inayoganda kwa sababu mashine haijakusanya data za kubahatisha za kutosha kutengenezea funguo hizo. Na ikiwa hata rndc haijibiwi, yaani programu yenyewe imesimama kabisa, basi kabla ya kuizima ichukuliwe nakala ya kumbukumbu yake ya ndani kwa gcore, ambayo ni amri ya muda mfupi, ili wanaoitengeneza BIND au mtu mwenye ujuzi zaidi aweze kuona ilisimama wapi. Baada ya hapo izimwe iwashwe, watu wahudumiwe. Sipingi kuwasha upya. Napinga kuanza nako.

Nasisitiza hili kwa sababu tumepata kisingizio kipya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na nchi nzima ilionja intaneti iliyolegea. Lile lilikuwa tatizo la kweli la njia. Lakini tangu hapo, seva ikiganda Mafinga, mkongo; betri ya saa ikiisha Iringa, mkongo. Afadhali tungekumbuka pia tarehe 4 Oktoba 2021, pale Facebook ilipopotea duniani kwa takribani saa sita. Katika matengenezo ya mtandao wao wa ndani, njia za kuzifikia seva zao za majina ziliondolewa, na kwa mtumiaji wa kawaida ilikuwa kana kwamba kampuni nzima imefutwa. Dakika mbili za kuita kwa namba na kuuliza kwa dig hutenganisha mambo haya mawili, njia na majina, na hakuna sababu ya ofisi kukaa siku nzima bila kujua iko upande gani.

Kwa wakuu wa ofisi ninaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wenu. Mpeni fundi dakika kumi kabla ya kitufe, hata kama foleni iko kwenye ngazi, na mtakeni aandike kwenye daftari saa, alichouliza na alichojibiwa. Msiridhike na seva moja ya majina iliyoko chumba kimoja na ruta moja. Ushauri wa kuweka seva za kikoa katika maeneo yaliyo mbalimbali uliandikwa tangu mwaka 1997, na taasisi yenye tawi Iringa, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapa, tayari ina mahali pa kuiweka ya pili bila kukodi chumba. Na aliyeko dirishani aambiwe ukweli kwamba mfumo wa ofisi una hitilafu na mafundi wanaushughulikia, ili mwenye safari ya mbali aamue kama atasubiri au ataondoka na basi la saa nane.

Na kwa mafundi wenzangu wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa, usiku wa leo mkifika nyumbani, mkiwa kwenye intaneti ya simu na si ya ofisi, iulizeni kwa dig seva ya ofisi yenu jina lolote la nje lisilo lenu. Ikiwajibu kwa anwani, basi inamjibu na mtu mwingine yeyote duniani, na kesho asubuhi ifungeni kabla milango ya ofisi haijafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mitandao,
Uyole, Mbeya